Marehemu Alifika Mwenyewe Kutia Sahihi

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ila jina lake limebadilishwa mara tatu tangu nianze kuandika, kwa hiyo nitaiita Nchi tu, na wenyewe watajijua. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina bahari, ina Mtukufu Mwangaza wa Taifa, na ina Wizara ya Afya na Mwonekano Mwema, ambayo kazi yake ni kuhakikisha wananchi wana mwonekano mwema, na afya pia kila nafasi inapopatikana.

Katika Nchi hiyo aliishi mwamuzi wa mpira aliyeitwa Salehe Ngozoma. Alikuwa amepuliza kipenga kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka mitatu ya mwisho macho yalikuwa yakimwingia ukungu. Kwanza aliona mchezaji mmoja kuwa wawili, akadhani timu zimezidisha watu. Kisha mistari ya uwanja ikapotea, akadhani chokaa imeadimika. Akaanza kuchezesha kwa masikio. Kelele zikipanda kushoto, anakimbilia kushoto. Mtu akilia "Mguu wangu!", anapuliza faulo. Na kwa kuwa waamuzi wengi wa Nchi hiyo huchezesha hivyohivyo wakiwa na macho mazima, hakuna aliyegundua.

Mambo yaliharibika siku ya fainali ya Kombe la Mwangaza. Ngao ya Taifa, timu anayoipenda Mtukufu, ilikuwa inacheza na Chumvini, timu ya wavuna chumvi. Dakika ya themanini na tisa upepo ukainua mfuko mweupe wa sukari, ukaupitisha juu ya kichwa cha kipa wa Chumvini, ukautupa wavuni. Kipa, mtu muungwana, alijaribu hata kuudaka. Mpira wenyewe wakati huo ulikuwa chini ya kwapa la mshika kibendera. Salehe aliona kitu cheupe kinatikisa wavu, akasikia jukwaa kuu limesimama. Lilikuwa limesimama kwa sababu Mtukufu alisimama kujinyoosha mgongo, na katika Nchi hiyo Mtukufu akisimama hakuna anayebaki amekaa. Salehe akaonyesha kidole katikati ya uwanja. Bao.

Gazeti la serikali liliandika ukurasa mzima: BAO LA KARNE. Mshambuliaji aliyekuwa karibu zaidi na mfuko alipewa nishani.

* * *

Aliyejua ukweli alikuwa mkewe, Bi. Zena. Asubuhi moja alimkuta mumewe ameinama mbele ya pipa la maji akiliamkia, "Shikamoo, mjomba."

"Baba Zuhura," akasema, "leo twende kwa daktari."

Daktari wa kupasua macho katika Nchi nzima alikuwa mmoja, Dk. Perpetua Kihwelo, mwanamke mfupi mwenye haraka. Akammulika Salehe kwa kijitochi, akavuta kiti.

"Mzee, jicho lako kwa ndani ni zima kabisa. Kilichoharibika ni konea, hiki kioo cha mbele. Ni sawa na nyumba nzuri ambayo dirisha lake limepakwa uji. Nikiitoa hii nikaweka ya mtu aliyefariki, utaona."

"Basi weka, daktari."

"Niweke ya nani? Kwenye daftari langu wako watu mia tatu na kumi wanaosubiri, na konea sina hata moja. Halafu sheria hainiruhusu kukugusa mpaka usajiliwe kwamba huoni."

Wakaenda kusajili. Msajili Mkuu wa Wasioona, Bwana Ladislaus Mapunda, alikuwa mtu mpole aliyependa mihuri yake. Alikuwa na mitano, na kila mmoja aliufunika kitambaa chake.

"Umekuja mwenyewe?" akauliza.

"Nimeletwa na mke wangu."

"Hapo pana shida. Mtu akija mwenyewe, maana yake ameiona njia, basi anaona. Mtu akiletwa, maana yake anayo macho ya aliyemleta. Kwa hesabu ya ofisi wewe una macho manne. Mawili mabovu, mawili mazima. Wastani wako ni mzuri kunizidi mimi."

"Kwa hiyo nani anasajiliwa?" akauliza Bi. Zena.

"Asiyekuja," akasema Bwana Mapunda kwa huzuni ya kweli. "Lakini hao hawaji."

Kisha akalitazama jina kwenye karatasi, akanyanyuka kitini. "Ngozoma? Wewe si yule mwamuzi wa Bao la Karne?" Akaenda kufunga mlango. "Mzee wangu, nakuomba. Nikiandika kwamba refa wa fainali haoni, bao litakuwa la nani? Kombe litakwenda wapi? Mtukufu hulala na kombe lile, nasikia lina mto wake maalumu. Wewe unaona, mzee. Kwa faida ya taifa, unaona vizuri sana."

Wakarudi nyumbani na cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba Salehe Ngozoma ana uoni wa daraja la kwanza. Salehe alikiweka chini. Alikuwa amekishika juu chini.

* * *

Msiidhanie vibaya serikali ile. Ilikuwa na sababu ya kujivunia. Mwaka huohuo Waziri wa Afya na Mwonekano Mwema alihudhuria mkutano mkubwa ng'ambo, ambako mataifa yalikuwa yanalalamika kwamba wanaohitaji konea ni mamilioni na zinazotolewa ni kiduchu, watu kwa makumi wanaigombea moja, na nchi mbili tatu tu ndizo zenye za ziada za kugawia wengine. Waziri wetu alipanda jukwaani, akarekebisha tai.

"Waheshimiwa, sisi tumelimaliza tatizo hili bila msaada wa mtu. Waliosajiliwa kuhitaji konea kwetu ni sifuri. Konea tulizokusanya ni sifuri. Mahitaji sifuri, ugavi sifuri. Mechi imekwisha kwa sare!"

Wakampigia makofi, wakampa na tuzo ya kioo.

Wakati huo Dk. Kihwelo alikuwa amemwandikia daktari mwenzake wa nchi moja ya mbali, na mwenzake akajibu kwamba mwezi ule wanazo konea za ziada, wako tayari kutuma, kinachotakiwa ni barua ya wizara kuthibitisha kwamba kuna mhitaji. Wizara ikajibu siku hiyohiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Mhitaji hatuna. Ila kama mna jokofu la ziada, tutalipokea."

Daktari akamwendea Waziri. "Mheshimiwa, za nje tumezikataa. Basi tupate za hapahapa. Watu wanakufa kila siku na macho yao mazuri."

"Hilo nalo tulishalifanya," akasema Waziri. "Siku ya maadhimisho wananchi milioni tisa waliinua mikono kukubali kutoa macho. Fomu Namba Saba ipo."

Fomu ilikuwepo kweli, na kifungu chake cha pili kilisema: *Mfadhili afike ofisini yeye mwenyewe, akiwa na cheti chake halisi cha kifo, atie sahihi mbele ya ofisa.*

"Imepita miaka minane," akasema daktari. "Hajaja hata mmoja."

Waziri akatikisa kichwa. "Ndiyo changamoto yetu kubwa, daktari. Wafu wetu hawana mwamko."

* * *

Sasa nimlete Bi. Tausi Mkadamu. Alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mchoma mikate wa Chumvini, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna refa aliyevuka nyuma ya goli la kusini bila kutukanwa naye. Alikwenda uwanjani na sufuria na mwiko. Sauti yake ilifika hadi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

Siku moja alikwenda kliniki ya macho, maana jicho lilikuwa linamwasha, akakaa kwenye benchi kando ya Salehe. Akamtazama. Akamtazama tena.

"Wewe! Si wewe mwizi wa kombe letu?"

Salehe aliitambua sauti kabla ya neno la pili. Akajikunyata. "Shikamoo, mama."

"Marahaba sitoi. Unatafuta nini hapa?"

Salehe alikuwa amechoka kujificha. Akamweleza yote, ukungu, masikio, kitu cheupe. "Nilisikia watu wamesimama, mama. Nikaona cheupe kwenye wavu. Wallahi nilidhani ni mpira."

Bi. Tausi alimwinamia, akamchungulia macho. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa mwili mzima, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani mgonjwa amepata degedege.

"Kumbe miaka yote mie nasema kweli!" akasema akijifuta machozi. "Nikikuita kipofu nilidhani natukana. Kumbe natoa taarifa!"

Toka siku hiyo wakawa marafiki, ingawa kila mmoja alikana akiulizwa. Salehe aliomba likizo ya heshima, na kila Jumapili Bi. Zena alimsindikiza hadi nyuma ya goli la kusini, akamkabidhi. Bi. Tausi alimsimulia mchezo, yeye akatoa uamuzi.

"Amemvuta jezi. Amemvuta! Jezi imekuwa kanzu."

"Mpira ulikuwa wapi?"

"Mbali kidogo."

"Mbali kiasi gani, mama?"

"Ulikuwa umetoka."

"Basi si faulo."

"Haya, umeanza!" Na mwiko ukagonga sufuria.

Ni katika siku hizo Bi. Tausi alipomuuliza Dk. Kihwelo kama macho ya kikongwe yanafaa kitu.

"Konea haizeeki kama magoti, bibi. Yako nimeyapima, ni safi kabisa. Ila kuna hii fomu." Akamsomea kifungu cha pili.

"Rudia hapo. Cheti cha kifo, na mwenyewe afike?"

"Ndiyo hivyo. Hakuna anayeweza."

"Mie naweza," akasema Bi. Tausi. "Nina mwaka wa kumi sasa nimekufa."

Ilikuwa hivi. Mwaka wa sensa, karani alibisha kwake akamkosa, alikuwa uwanjani. Jirani akaulizwa Bi. Tausi yuko wapi, akajibu, "Yule? Timu yake imefungwa mbili, yule kwishakufa." Karani akaandika alichoambiwa. Mwezi uliofuata cheti cha kifo kikaletwa mlangoni, na Bi. Tausi mwenyewe ndiye aliyekipokea na kutia sahihi. Alihangaika miaka mitatu kufufuliwa. Kila dirisha lilimwambia kwamba malalamiko ya marehemu yaletwe na warithi wake. Mwishowe akachoka, akaenda zake kuchoma mikate.

* * *

Bwana Mapunda alikigeuzageuza kile cheti, akakiweka kwenye mwanga.

"Ni halisi," akasema. "Na marehemu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Bwana Mapunda akasimama kwa heshima. "Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa, mwanangu. Lete kalamu."

Msajili alisoma kifungu cha kwanza, akasoma cha pili, akatafuta cha kumkatalia, hakukiona. Kwa miaka minane hakuwa ameutumia muhuri wa tano hata mara moja. Akaufunua kitambaa taratibu, akaupulizia, akaugonga kwa furaha. *Imethibitishwa na marehemu mwenyewe.*

"Jicho moja ni la huyu," akasema Bi. Tausi akimwonyesha Salehe, aliyesimama nyuma yake. "La pili daktari atajua."

Uso wa msajili ukabadilika. "Huyu haiwezekani. Huyu anaona. Nina nakala ya cheti chake."

"Sisemi atibiwe," akasema Bi. Tausi. "Mie nimekufa, au sikufa?"

"Umekufa, mama. Hilo halina ubishi."

"Basi huu ni wasia. Narithisha. Mtu haruhusiwi kurithi kitu ambacho tayari anacho? Mwenye nyumba harithi nyumba?"

Bwana Mapunda alifikiri, kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyeona mlango wa nyuma. "Urithi si idara yangu!" akasema, na akafunga faili kabla idara yoyote haijatokea.

Nje, Salehe alisimama kwenye ngazi, hakutaka kushuka.

"Mama, mimi sitaki macho yako. Nataka unisimulie mpira."

"Acha ujinga. Nitakusimulia mpaka nife kweli, halafu utajitazamia mwenyewe. Na wallahi ukiibeba Ngao ya Taifa kwa jicho langu, nitakutokea ndotoni na sufuria."

* * *

Akamsimulia miezi kumi na mmoja. Salehe alikuwa akimwombea uhai mrefu kwa sauti kubwa, makusudi, ili Mungu asije akadhani anaombea kingine. Jumapili moja Chumvini iliifunga Ngao ya Taifa mabao mawili, yote ya mpira halisi. Bi. Tausi aliimba njia nzima. Asubuhi ya Jumatatu alikunywa chai, akaomba ya pili, na ilipoletwa alikuwa ameshaondoka, uso wake ukiwa na tabasamu la mtu aliyeshinda ugenini.

Binti yake, Mashavu, alilia, kisha akasoma karatasi ambayo mama yake aliibandika ukutani. *Kwanza daktari. Kisha imamu. Shangazi yenu wa mwisho, maana akifika mapema atazuia kila kitu kwa kilio.* Dk. Kihwelo alifika ndani ya saa moja na kisanduku cha barafu. Alichukua vile vioo viwili tu, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati, akamfumba kope zake. Hakukuwa na cha kusubiri. Cheti cha kifo kilikuwa tayari kwa miaka kumi na mmoja.

Konea ya kushoto ilirithiwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa wa kwanza kwenye daftari. Ya kulia alirithi Salehe.

Jicho halikufunguka kwa mara moja kama watu wanavyodhani. Lilikuja polepole, wiki hadi wiki, kama redio inayotafuta stesheni. Mtu wa kwanza aliyemwona sawasawa alikuwa mkewe.

"Zena," akasema, "umezeeka lini?"

"Wakati huoni. Nikajua nimekwepa," akasema Bi. Zena, na akamkumbatia ili asiendelee kutazama.

* * *

Habari zikaenea kwamba njia imepatikana. Jumatano watu sita walifika ofisi ya vizazi na vifo. Ijumaa walikuwa mia nne. Foleni ikazunguka jengo, watu wazima wenye afya zao, wamebeba chakula.

"Shida yako?" akauliza karani.

"Nimekuja kufa."

"Sababu ya kifo?"

"Nataka kutoa macho."

Karani hakuwa na pa kukataa. Wapishi walikufa, makondakta walikufa, brasibendi nzima ya polisi ikafa kwa pamoja, mpiga tarumbeta akiwajazia fomu. Wafu wakarudi kazini kama kawaida, ila sasa walikuwa wafu. Hawakuweza kuamriwa kuhudhuria mikutano ya hadhara. Hakimu alishindwa kumfunga marehemu. Siku dereva wa Waziri alipokataa kuamka mapema, akisema kwamba kwa mujibu wa sheria amepumzika kwa amani, Baraza la Mawaziri liliitwa.

"Mtukufu," akasema katibu, "kwa takwimu za leo asubuhi, unatawala makaburi."

Kifungu cha pili kilifutwa kabla ya chai ya saa nne. Kuanzia hapo ilitosha mtu kutia sahihi angali hai, na familia kupiga simu siku ikifika. Amri ikatoka pia kwamba marehemu wote wa kwenye vitabu wafufuliwe kwa jumla, bila kuchagua, na makarani wakawafufua hadi walioaga dunia enzi za ukoloni. Mashavu alipelekewa barua ya kumpongeza mama yake kwa kurudi. Aliisoma mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuichomeka kaburini.

Jokofu la Dk. Kihwelo, ambalo kwa miaka lilikuwa likihifadhi soda za wauguzi, likaanza kupata kazi yake. Daftari la watu mia tatu na kumi, kila mmoja sasa akihesabiwa mrithi, likaanza kupungua. Mwaka wa pili daktari alituma konea mbili nchi ya jirani, na Waziri akaenda uwanja wa ndege kupiga nazo picha.

Salehe alirudi na kipenga chake. Katika mechi ya kwanza aliinyima Chumvini penalti, kwa kuwa mshambuliaji wao alijiangusha mwenyewe, aliona wazi kabisa. Nyuma ya goli la kusini Mashavu aligonga sufuria kwa hasira mpaka mpini ukang'oka.

Jioni hiyo Salehe na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu, na safari ya nusu saa ikachukua saa mbili, kwa sababu alisimama kusoma kila kibao. "Kinyozi Tulia Usikatwe. Hapa tunauza mkaa na vocha. Usikojoe hapa, faini au fimbo." Bi. Zena alimvuta mkono, naye anasoma.

Wakafika kwenye mzunguko wa katikati ya mji, penye picha kubwa ya Mtukufu iliyochorwa ukutani, ghorofa tatu kwenda juu. Salehe akainua uso. Akaitazama muda mrefu, kwa jicho moja, kisha akainamisha kichwa pembeni.

"Zena. Mbona Mtukufu ana masikio matatu?"

"Shh!"

"Hesabu. Moja hili, mawili lile, na jingine lile pale karibu na kola."

Lilikuwepo. Mchoraji alimchora Mtukufu juu ya Mtukufu aliyepita, na rangi haikutosha pale chini.

Bi. Zena akamminya kiunoni. "Baba Zuhura, umepewa jicho. Hujapewa kibali."

Lakini muuza karanga aliyekuwa karibu alishasikia. Akageuka, akatazama juu. "Hata mie naliona," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa saba huu. Nilidhani ni mie tu." Mwanamke mwenye kapu la nyanya akasimama, akahesabu kwa kidole. Askari wa barabarani akaacha magari, akasogea, akavua kofia ili aone vizuri. Mpaka adhana ya magharibi inasikika, pale kwenye mzunguko walikuwa wamesimama watu kama mia mbili, nyuso juu, wakihesabu masikio, na ukimtoa Salehe hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanyiwa upasuaji.